Usipige Kama Hupo

“Mama yako amefuata nini hapa?”

Eliakimu alijifanya anakagua ncha ya fimbo yangu, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Ukumbi ule wa Gungu ulikuwa umejaa tangu saa saba mchana, watu wamening'inia hadi madirishani. Katikati ya umati wote huo, kwenye kiti cha plastiki kilichosogezwa karibu kabisa na meza ya pool, alikuwa amekaa mama Regina. Alivaa kitenge chake cha kanisani, mkoba kaukumbatia mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

“Nilimwalika,” alisema hatimaye.

“Lini?”

“Juzi.”

“Juzi! Na jana tumeshinda pamoja mchana kutwa, hukusema neno.”

“Ningekuambia, ungelala?”

“Na sasa unadhani nitacheza?”

Akaniangalia. Macho ya Eliakimu yana tabia moja mbaya: yakikutazama, hasira yako inaanza kutafuta mahali pa kukaa. Alinishika kiganja, pale pale mbele za watu, mikono yake ikinukia petroli ya boti hata siku ambayo hajafanya kazi.

“Kaneza, nataka akuone. Hajawahi kukuona umetulia. Akuone mara moja tu, atajua ninachokijua mimi.”

Msichana mwingine huenda angeyeyuka kwa maneno hayo. Mimi yalinichoma. Nilielewa kwamba sikuja kucheza fainali ya mkoa ya wanawake. Nimeletwa kwenye mtihani, na msimamizi wa mtihani ndiye yule aliyekumbatia mkoba.

“Na nikikosea?”

“Hutakosea.”

“Eli, nimekuuliza. Nikikosea?”

Kabla hajajibu mwamuzi alipiga makofi. “Kaneza Hatungimana, Kigoma Mjini! Catherine Bonifasi, Kasulu! Mezani tafadhali!”

Nikauchomoa mkono wangu.

Anayeniona kwa mara ya kwanza hawezi kujua kwa nini niliogopa hivyo. Mimi nimezaliwa na akili isiyokaa. Shuleni nilichapwa kwa kutazama dirishani. Nyumbani nimeunguza maharage mpaka mama yangu, Révérienne, akaacha kuniuliza. “Mwana wanje,” angesema tu kwa Kirundi, yaani mwanangu, na kuanza kusugua sufuria. Saluni ninakofanyia kazi pale Mwanga wananipenda kwa sababu mikono yangu ni myepesi kwenye kusuka, lakini nimeshawahi kumwacha mteja nusu kichwa, nikaenda kununua uzi, nikarudi baada ya saa nzima bila uzi. Nimeombewa. Nimenyweshwa dawa za mizizi. Ni mwaka jana tu daktari mmoja alikaa na mimi muda mrefu, akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, kisha akasema nina tatizo la umakini, kwamba si uchawi wala uzembe.

“Watu wengine ubongo wao una mlinzi mlangoni,” aliniambia. “Wako hauna. Kila anayebisha anaingia.”

Nililia pale ofisini kwake kwa furaha, akadhani amenivunja moyo.

Eliakimu nilimfahamu kabla ya daktari. Ni fundi wa injini za boti kule ufukweni Kibirizi, kwao ni kijiji cha Mwamgongo. Siku tuliyokutana nilikuwa nimemfuata rafiki yangu kwenye meza ya pool, nikapewa fimbo kwa utani, nikapiga mipira minne mfululizo ikazama. Wa tano nikapiga wa mwenzangu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza taratibu, “Ulikuwa umeenda wapi?” Hakuuliza kwa kunisuta. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua ni wapi, na kama kunapendeza. Nadhani nilimpenda hapo hapo.

Yeye ndiye aliyenitengenezea utaratibu. Paka chaki. Rudi nyuma hatua moja. Taja mpira kwa mdomo, taja na shimo. Inama. “Na akili ikiondoka wakati umeinama,” alikuwa akinisisitizia, “simama uanze upya. Hata mara kumi. Usipige kama hupo.” Kwa mwaka mzima nimeinama na kusimama, nimeinama na kusimama, mpaka ile meza ya kijani ikawa sehemu pekee duniani ambayo naweza kukaa nzima kwa dakika ishirini.

Lakini maisha si meza. Mwezi wa nne mwaka huu mama Regina aliniachia mjukuu wake Diana, mtoto wa binti yake, pale Kibirizi, ili akasimamie magunia yake ya dagaa yakipakiwa kwenye lori. “Dakika kumi tu, mwanangu,” alisema. Wakati huo bado alikuwa akiniita mwanangu. Wanaume wawili walianza kugombana kuhusu kamba ya nanga, mmoja akamtupa mwenzake majini na nguo zake, watu wakashangilia. Mimi nikatazama. Nilipogeuka, Diana hakuwepo. Ana miaka minne. Nilikimbia ufuko mzima nikiita, nikichungulia maji. Tulimkuta baada ya nusu saa, amelala juu ya magunia ndani ya boti ya kwenda Mwamgongo, injini imeshawashwa.

Hakunipiga. Hakunitukana. Alimwambia mwanawe, mimi nikiwa nimesimama pale pale, kwa sauti ya chini: “Mimi sina neno na kwao. Awe wa Burundi, awe wa hapa, wote watu. Neno langu ni moja. Mtoto wako atakufa maji, na huyu atakuwa anatazama ndege.”

Tangu siku ile haitikii salamu yangu. Na kuna jambo ambalo Eliakimu alikuwa halijui: mimi nilimwamini mama yake. Kila Eliakimu alipoomba alete wazee wa posa nyumbani kwetu nilitafuta sababu. Mara mama anaumwa, mara tusubiri mashindano yaishe. Usiku nilikuwa nikiota maji matulivu na kiatu kidogo.

Ndivyo nilivyosimama mezani Jumamosi ile.

Gemu ya kwanza nilishinda, wala sikumbuki vizuri nilivyoshinda. Catherine ni mchezaji wa taratibu, mnene, mpole, anazunguka meza kama mama anayechagua nyanya. Tulikuwa tunatafuta atakayetangulia kushinda gemu tatu.

Ya pili mimi nilikuwa na nyekundu. Nilizamisha tatu. Nikapaka chaki, nikarudi nyuma, nikataja. Nikainama. Hapo mama Regina akafungua zipu ya mkoba wake. Zipu tu. Lakini baada ya zipu niliisikia feni, kisha mafuta ya chipsi yakichemka nje, kisha mtu nyuma yangu akisema “huyu si ndiye aliyepoteza mtoto?” au labda hakusema, labda nilijisemea mimi. Nikaona midomo ya mama Regina ikichezacheza. Anasali? Anamsalia nani? Mkono wangu ukapiga.

Mpira ukazama vizuri kabisa. Mpira wa njano. Wa Catherine.

Ukumbi ulilipuka. “Faulo!” mwamuzi akasema. Watu walicheka mpaka kupiga madirisha. Nilimtafuta Eliakimu, nikamwona ameinamisha kichwa. Sikumtazama mama yake. Sikuhitaji.

Catherine alimaliza ile, akachukua na ya tatu. Ya nne ningeshindwa pia, ila alipopiga nyeusi, mpira mweupe nao ukafuata shimoni, gemu ikawa yangu. Mbili kwa mbili. Mwamuzi akatupa dakika tano.

Eliakimu alinifuata kwenye kona na chupa ya maji.

“Kunywa. Uko sawa? Bado gemu moja. Mama hata hajui sheria, usihofu, hakuelewa ile faulo...”

“Alielewa.”

“Kaneza...”

“Unajua kwa nini nimekuwa nikikuzuia kuleta wazee?” Niliisukuma ile chupa. “Si mama yangu. Si mashindano. Ni kwa sababu mama yako alisema kweli. Nimeisikia ile sentensi yake kila siku kwa miezi minne, na kila siku naona ni kweli. Halafu wewe unakwenda unamleta, unamkalisha mbele yangu, bila kuniuliza.”

Rangi ilimtoka usoni. Alibaki ameshika ile chupa, maji yakimwagikia kwenye kiatu.

“Sikujua,” alisema. “Mimi nilidhani hunitaki na unaona aibu kuniambia. Nimekuwa nikihesabu makosa yangu.”

“Nakutaka mpaka naumwa, Eli. Ila wewe umenipanga kama injini. Umeona nikiwashwa mbele ya mnunuzi nitaunguruma vizuri.”

“Nisamehe.” Aligeuka akamtazama mama yake. “Nimtoe?”

Nilitazama kile kiti. “Hapana. Ameshakuja. Aone anachokiona.”

“Na mimi nikae wapi?”

“Kaa mahali nisipokuona.”

Akaenda nyuma ya mlango. Muda wote nilikuwa najua yuko wapi, lakini simwoni, na hiyo ilisaidia kidogo.

Gemu ya tano ilikuwa ndefu. Catherine alinifichia mpira mweupe nyuma ya mipira yake, nami nikamfichia. Mikono ilitoka jasho, nikaifuta kwenye sketi mara nyingi mpaka sketi ikawa na michirizi ya chaki. Tukafika mahali ambapo kila mmoja amebakiwa na nyeusi tu, na zamu ikawa yangu. Nyeusi ilikuwa imeegemea karibu na ukingo, mbali, na mpira mweupe uko upande wangu. Pigo refu. Linawezekana.

Nikapaka chaki. Nikarudi nyuma. “Nyeusi, kona ya mlango,” nilinong'ona. Nikainama.

Diana akaja. Kichwa chake kidogo kwenye magunia. Nikasimama.

“Anaogopa huyo!” mtu akapiga kelele. Wakacheka.

Nikarudi nyuma tena. “Nyeusi, kona ya mlango.” Nikainama. Sasa yakaja maneno ya mama Regina, neno kwa neno, na sauti yake. Mkono ulikuwa umeshaanza kuvuta fimbo. Nikausimamisha. Nikasimama.

“Piga twende nyumbani, dada!”

“Sekunde ishirini,” mwamuzi akasema.

Moyo ulikuwa unanipiga hadi kwenye meno. Nilijua nikikurupuka nitapiga popote, nikichelewa nitapoteza zamu. Nilivuta pumzi, nikaacha vyote vije: zipu, feni, mafuta, maji, ndege, mtoto. Vikaja. Vikasimama hapo. Na mimi nikawa bado ninaona mpira.

“Nyeusi,” nilisema, safari hii kwa sauti ya kusikika. “Kona ya mlango.”

Nikapiga.

Ilikwenda vizuri. Iliteleza kandokando ya ukingo, watu wakaanza kuinuka, ikafika kwenye mdomo wa shimo, ikagusa pembe, ikatikisika. Ikabaki pale pale, nusu ndani nusu nje.

Catherine hakuhitaji hata kuchagua. Alikuja, akaisukuma kama anafunga mlango, na watu wa Kasulu wakambeba juu.

Nilisimama na fimbo yangu. Machozi yalinitoka, siwezi kusema uongo. Lakini chini ya machozi kulikuwa na kitu kingine nilichokuwa sikijui. Maisha yangu yote nimekosa vitu nikiwa sipo, nikarudi na kukuta vimeshavunjika. Mpira huu niliukosa nikiwa nipo. Niliuona ukikosekana, wote, mwanzo hadi mwisho.

“Njoo nje,” sauti ikasema pembeni yangu.

Alikuwa mama Regina.

Nyuma ya ukumbi kuna ukuta mfupi, na kutoka pale ziwa linaonekana lote hadi milima ya Kongo. Jua lilikuwa bado kali. Alikaa ukutani. Mimi nilibaki nimesimama.

“Kaa.”

Nikakaa.

“Umeinama mara mbili ukainuka. Kwa nini?”

“Akili ilikuwa imeondoka, mama.”

“Ulijua kwamba imeondoka?”

“Ndiyo. Nilijua.”

“Na siku ile ya Diana?”

Ningeweza kupamba. Eliakimu angetaka nipambe. “Siku ile sikujua. Nilijua baadaye.”

“Siku hizi unajua kila mara?”

“Hapana, mama. Si kila mara.”

Akashusha pumzi ndefu. “Mwanangu aliniambia umepona.”

“Haliponi. Unajifunza kuishi nalo. Mimi siwezi kukuahidi kwamba sitasahau. Naweza kuahidi kwamba sitaficha.”

“Ukizaa je?”

“Hilo ndilo linalonitisha. Ndiyo maana mimi nimemzuia Eliakimu asilete wazee.”

Aligeuka akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. “Ni wewe uliyemzuia?”

“Ni mimi. Kwa maneno yako, mama. Niliyaamini.”

Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua upindo wa kitenge. Nilidhani anatafuta namna ya kuniaga.

“Mimi nilikuambia dakika kumi,” alisema. “Unakumbuka?”

“Nakumbuka.”

“Nilikaa saa nzima. Magunia yalishapakiwa zamani. Nilikuwa nimeegemea lori napiga soga na rafiki yangu Mwanvua, tunacheka. Mtoto wa binti yangu yuko ufukweni, na mimi nacheka.” Akageuza uso kuelekea ziwani. “Binti yangu mpaka leo hajui. Alipouliza, nilisema ni wewe. Nikalisema hadi nikaliamini.”

Kitu cha moto kilinipanda kifuani. Miezi minne. Ile ndoto, kile kiatu.

“Mama, mimi sijalala vizuri miezi minne.”

“Najua.”

“Hujui.”

Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Mama yangu angenizaba kofi. Mama Regina aliitikia kwa kichwa, polepole.

“Sijui,” alikubali. “Na hilo halifuti lako, unanielewa? Ulitazama pembeni. Ila la kwangu nalo ni la kwangu. Nitamwambia binti yangu.”

“Nakuelewa, mama.”

Nikamweleza pia kwamba Eliakimu amenileta kwenye mtihani huu bila kuniambia. Boti moja ilikuwa inatoka Kibirizi kuelekea kaskazini, ndogo kama nzi. Kisha akafungua mkoba, akatoa simu yake ya batani, akanipa.

“Andika namba yako. Mimi herufi ndogo sizioni.”

Nikaandika, vidole vikikosea, nikafuta, nikaandika tena.

“Siku ukiwa na mtoto mkononi ukaona akili inakwenda, utanipigia?”

“Nitapiga.”

“Hata kama ni kitu kidogo? Hata kama unaona aibu?”

“Nitapiga, mama.”

“Piga mara mbili. Nikiwa kwenye dagaa, ya kwanza siisikii.”

Hapo ndipo Eliakimu alipotokea pembeni ya ukuta, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akitutazama mmoja mmoja kama mtu anayesoma majibu ya hospitali.

“Mmeongea?” aliuliza.

“Tumeongea,” mama yake akasema. “Wewe nasikia umemleta mtoto wa watu kwenye mtihani bila kumwambia. Na mimi umenidanganya. Omba radhi.”

“Nilishaomba, mama.”

“Hujaiomba hapa.”

Akaomba. Mtu mzima na ndevu zake, mikono nyuma, aliniomba radhi mbele ya mama yake na mbele ya mwuza chipsi aliyekuwa ameacha mafuta yanaungua ili asikilize. Sikumwambia yameisha. Nilimwambia bado nimekasirika.

“Mpaka lini?”

“Mpaka Jumatatu.”

Alicheka, kisha kicheko kikamwishia, akachuchumaa mbele yangu. “Na wazee? Waje lini, Kaneza? Safari hii nakuuliza.”

Ile hofu ilirudi yote, haikupungua hata chembe. Nilitazama maji. Nilimtazama yeye. Nilikuwa nipo.

“Jumapili ya tatu ya mwezi ujao,” nilisema. “Lakini Eli, mimi tarehe nitaisahau.”

“Nitakukumbusha.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Mwongo,” mama Regina alisema, akiwa ameinuka anajipangusa vumbi la ukuta. “Huyu alisahau hata ubatizo wa mtoto wa dada yake. Nitawakumbusha mimi, wote wawili.”